Namna ya kutengeneza na kusoma slaidi ya malaria kwa ajili ya utafiti

Kila kundi jipya la wasaidizi wa utafiti na wanafunzi wa maabara likiingia kazini, maswali ni yale yale. Kwa nini tabaka langu nene (damu iliyorundikwa duara kwenye kioo) limebanduka kwenye maji? Kwa nini slaidi yote imekuwa ya buluu? Nihesabu seli nyeupe 200 au 500? Gametositi, yaani vimelea vya hatua ya kuambukiza mbu, zinaingia kwenye hesabu? Nimeyaweka majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kidoleni mwa mshiriki hadi namba inayoandikwa kwenye fomu.

Swali moja nilijibu kabla hatujagusa damu: kwa nini tuhangaike na hadubini ilhali kipimo cha haraka, mRDT, kinatoa jibu ndani ya robo saa? Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia hunasa protini iitwayo HRP2, ambayo hutengenezwa na Plasmodium falciparum, aina mojawapo ya vimelea vya malaria. Vimelea vikishakufa, protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Mtoto aliyemeza dawa ya mseto akapona kabisa anaweza bado kuonyesha mstari siku ya 14. Kipimo hicho pia hakikuambii vimelea ni vingi kiasi gani. Utafiti wa dawa unataka kujua mambo mawili hayo hasa: vimelea vimebaki au vimekwisha, na vilikuwa vingapi. Ndiyo maana washiriki wa tafiti za ufanisi wa dawa hurudi kutolewa damu siku ya 1, 2, 3, 7, 14, 21 na 28, na kila mara slaidi hutengenezwa. Dalili za usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, dawa iliyo kiini cha dawa ya mseto, zilipoanza kuonekana Rwanda, na baadaye mkoani Kagera, moja ya ishara ilikuwa hii: vimelea bado kuonekana kwenye slaidi siku ya tatu baada ya dozi ya kwanza. Slaidi iliyochafuka siku hiyo huharibu jibu ambalo nchi nzima inalisubiri.

Mimi nasema hivi kwa kila ninayemfundisha: ubora wa slaidi huamuliwa mezani, kabla hujaiweka chini ya lenzi. Hakuna msomaji hodari awezaye kuokoa slaidi mbovu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Panga vyote mezani kwanza. Ukianza kutafuta pamba wakati kidole kimeshatobolewa, damu itaganda.

- Itifaki ya utafiti wako, iliyochapishwa, ukurasa wa maabara ukiwa wazi. Nitataja vipimo vinavyotumika sana, lakini itifaki yako ikisema tofauti, fuata itifaki.
- Slaidi mpya za kioo, safi, zenye sehemu ya kuandikia kwa penseli. Zipanguse hata kama zimetoka dukani. Mafuta ya vidole yanatosha kuharibu tabaka.
- Penseli ya kawaida.
- Glavu, lanseti za kutumia mara moja, pamba, spiriti ya asilimia 70, na boksi la kutupia vitu vyenye ncha kali.
- Slaidi moja yenye ukingo laini usiomegeka, ya kutandazia.
- Methanoli halisi isiyochanganywa na maji, kwenye chupa inayofunga vizuri.
- Rangi ya Giemsa na karatasi ya kuchujia.
- Maji ya bafa (maji ambayo pH yake haibadiliki kirahisi) yenye pH 7.2, pamoja na kifaa cha kupimia pH. Karatasi za kupimia za kubahatisha hazitoshi kwa kazi ya utafiti.
- Saa inayolia.
- Hadubini yenye lenzi ya mara 100, mafuta yake, na karatasi laini ya kufutia lenzi.
- Kaunta mbili za mkono: moja ya vimelea, moja ya seli nyeupe.
- Kikokotoo na fomu ya matokeo.

Kama hakuna vidonge vya bafa, bafa hutengenezwa kwa gramu 0.7 za potasiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 1.0 ya disodiamu haidrojeni fosfeti kavu, katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Pima pH ukimaliza. Pima tena asubuhi ya kila siku ya kazi.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha ridhaa ipo. Angalia fomu ya ridhaa iliyosainiwa au kuwekwa dole gumba, na kama mshiriki ni mtoto, saini ya mzazi au mlezi. Mweleze mama unachotaka kufanya, matone mangapi, na kwamba ana haki ya kukataa bila mtoto wake kunyimwa matibabu. Ukishapata slaidi nzuri isiyo na ridhaa, huna slaidi.

2. Andika slaidi kabla ya kutoboa. Namba ya mshiriki, siku ya ufuatiliaji, tarehe na saa. Jina la mtu halikai kwenye slaidi ya utafiti. Tumia penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye methanoli ukakuachia kioo kisicho na mwenyewe. Saa nayo si pambo: kuna tafiti zinazochukua damu kila baada ya saa sita ili kupima kasi ya vimelea kupungua, na ukikosea saa, mchoro wote wa mshiriki huyo unapinda.

Andaa slaidi mbili kwa kila mshiriki, au tatu itifaki ikitaka. Siku ya 0, yaani siku ya kuandikishwa, moja hutiwa rangi kwa njia ya haraka ili daktari aamue kama mgonjwa anaingia kwenye utafiti; nyingine hutiwa rangi kwa njia ya polepole na ndiyo inayotoa namba rasmi.

3. Toboa kidole. Kidole cha kati au cha pete cha mkono wa kushoto. Kwa mtoto mchanga ambaye hajafikisha miezi 6, tumia kisigino au kidole gumba cha mguu. Pangusa kwa spiriti, kisha subiri ikauke yenyewe. Wengi hawasubiri, na spiriti ikichanganyika na damu hupasua seli na kuharibu tabaka. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole; katikati panauma zaidi. Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu.

Kama damu imetolewa kwenye mshipa na kuwekwa kwenye kichupa cha EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) chenye kifuniko cha zambarau, tengeneza slaidi ndani ya saa moja. Vimelea hubadilika umbo vikikaa humo. Igeuze chupa taratibu mara kadhaa kabla ya kuchota, usiitikise. Hapo tumia pipeti: mikrolita 6 kwa tabaka nene, mikrolita 2 kwa jembamba.

4. Weka matone. Tone dogo moja katikati ya slaidi, kwa ajili ya tabaka jembamba. Matone matatu makubwa kidogo kati ya hilo na sehemu ya kuandikia, kwa ajili ya tabaka nene. Gusisha kioo kwenye tone. Usigusishe kioo kwenye ngozi.

5. Tandaza tabaka jembamba kwanza. Shika slaidi ya kutandazia kwa mwinamo wa nyuzi 45, irudishe nyuma iguse tone dogo, acha damu isambae kwenye ukingo wake, kisha isukume mbele kwa mkono mmoja usiosita, kuelekea mbali na tabaka nene. Mwishoni damu inatakiwa ififie, seli zikae moja moja bila kupandana. Ukisita katikati utaona mistari ya kukatiza.

6. Tengeneza tabaka nene. Kwa kona ya ile slaidi ya kutandazia, unganisha matone matatu kwa mizunguko michache ya haraka, mitatu hadi sita, upate duara lenye kipenyo cha milimita 12 hivi. Usikoroge sana, damu ya kidoleni haina dawa ya kuzuia kuganda, na ukiikoroga kwa muda mrefu utatengeneza nyuzi.

Unene ndio unaowasumbua wengi, na upo mtihani rahisi sana: weka slaidi ikiwa bado mbichi juu ya gazeti. Ukiweza kusoma herufi kwa shida kidogo kupitia kwenye damu, unene ni sawa. Usipoona herufi kabisa, damu ni nyingi mno, na itabanduka kwenye rangi. Herufi zikionekana kama vile hakuna kitu juu yake, damu ni chache, na utahesabu mpaka jioni bila kufikisha seli nyeupe 200.

7. Kausha, na ukaushe ipasavyo. Laza slaidi bapa kwenye trei. Ukiiegemeza, damu inakimbilia upande mmoja. Iache ikauke kwa hewa, au kwa feni inayotoa upepo baridi. Usiianike juani na usiiweke karibu na taa ya moto. Joto hukaza tabaka nene, seli nyekundu zikagoma kupasuka wakati wa kutia rangi, na chini ya lenzi utaona ukuta wa buluu tu.

Funika trei kwa kitu kinachopitisha hewa. Inzi na mende hula damu mbichi. Ukija asubuhi ukakuta duara lako lina matobo yenye kingo safi, usitafute mchawi. Mende wamekula usiku. Vumbi nalo hukaa juu ya tabaka na kufanana na vitu vingi ambavyo si vimelea.

Sehemu za pwani, wakati wa mvua, tabaka nene linaweza kuonekana kavu juu huku ndani likiwa bado bichi. Lipe muda. Lakini pia usiache slaidi isiyotiwa rangi ikae siku nyingi: joto na unyevu vitalikaza lenyewe. Jitahidi rangi iingie ndani ya saa 24, na zisizidi 48.

8. Fiksi tabaka jembamba peke yake. Kufiksi ni kuifanya damu ishike kioo na seli nyekundu zisipasuke. Tunataka hivyo kwa tabaka jembamba, maana humo tunaangalia kimelea kikiwa ndani ya seli. Kwa tabaka nene tunataka kinyume chake: seli nyekundu zipasuke, zitoweke, vibaki vimelea na seli nyeupe.

Shika slaidi upande wa kuandikia, uelekeze tabaka jembamba chini, ulichovye kwenye methanoli kwa sekunde mbili hivi na kulitoa. Iache ikauke ikiwa imeinama hivyo hivyo, tabaka nene likiwa juu. Methanoli isilifikie tabaka nene, wala mvuke wake. Funga chupa mara moja, kwa sababu methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na methanoli yenye maji huacha vishimo vinavyong'aa ndani ya seli nyekundu. Ni sumu kali inayoweza kupofusha, na inashika moto haraka. Isikae karibu na kiberiti wala kwenye chupa ya maji ya kunywa.

9. Tengeneza rangi ya kutumia wakati huo huo. Kwa njia ya polepole, asilimia 3: mililita 3 za Giemsa na mililita 97 za bafa. Kwa njia ya haraka, asilimia 10: mililita 1 ya Giemsa na mililita 9 za bafa. Chota Giemsa kwa pipeti kavu kabisa. Tone moja la maji likiingia kwenye chupa mama, chupa nzima huanza kuharibika. Usiitikise chupa kabla ya kuchota, maana utaamsha masimbi yaliyotulia chini. Chuja kiasi utakachotumia. Rangi iliyochanganywa na bafa haitunzwi kwa ajili ya kesho.

10. Tia rangi. Asilimia 3, dakika 45 hadi 60. Asilimia 10, dakika 10 hadi 15. Kila chupa mpya ya Giemsa ifanyie majaribio kwa slaidi zenye vimelea vinavyojulikana, uone ni dakika ngapi zinatoa rangi nzuri, na uandike matokeo kwenye rejesta. Muda huo ndio utakaoutumia hadi chupa iishe. Mimina taratibu pembeni mwa slaidi, kamwe usimimine juu ya tabaka nene.

Utaniuliza, kwa nini tusitumie njia ya haraka siku zote? Kwa mgonjwa anayesubiri dawa, tumia. Kwa namba rasmi ya utafiti, njia ya polepole inatoa rangi sawasawa kwa slaidi nyingi zilizotiwa pamoja, na inatumia Giemsa kidogo.

11. Osha. Juu ya rangi iliyokaa kuna utando unaong'aa kijani kama metali. Ukiinamisha slaidi kumwaga rangi, utando huo unatua juu ya damu yako na hautoki tena. Kwa hiyo ingiza maji ya bafa polepole kutoka ukingoni, utando uelee na kumwagika wenyewe, kisha suuza kwa upole. Simamisha slaidi kwenye raki zikauke. Usizifute.

12. Ikague kabla ya kuisoma. Kwa macho, tabaka nene liwe na rangi ya zambarau hafifu. Chini ya lenzi ya mara 100, angalia seli nyeupe kwanza: kiini chake kiwe zambarau iliyokolea na uwanja wa nyuma uwe mweupe, safi. Tabaka nene zuri huwa na seli nyeupe 15 hadi 20 katika kila uwanja, yaani eneo unaloliona kwa mara moja kupitia lenzi. Slaidi isipofaulu hapa, iandike kuwa haisomeki na utumie ya pili. Usianze kuibembeleza.

13. Soma tabaka nene. Anzia ukingoni, nenda kwa mistari kama anayelima shamba, usirudi ulikopita. Kimelea cha falciparum kichanga kina sehemu mbili, na zote mbili lazima uzione: kitone chekundu cha kromatini (kiini chake) na uzi wa buluu wa saitoplazimu (mwili wake). Kwenye tabaka nene pete mara nyingi haitimii. Utaona mkato, au alama ya mshangao. Kitu chekundu peke yake si kimelea. Kitu cha buluu peke yake si kimelea. Chembe sahani za damu, zenye waridi-zambarau na kingo zisizoeleweka, ndizo zinazowadanganya wanaoanza kuliko kitu kingine chochote.

Gametositi ya falciparum ina umbo la ndizi na huonekana kirahisi. Irekodi peke yake.

Kwa slaidi ya kawaida ya hospitali, nyanja 100 bila kimelea hukuruhusu kuandika kwamba hakuna vimelea vilivyoonekana. Itifaki nyingi za utafiti hutaka zaidi, kwa mfano nyanja 200 au seli nyeupe 1,000. Andika ulisoma nyanja ngapi. Neno "hasi" peke yake halimwambii mchambuzi wa takwimu kitu.

Kisha nenda kwenye tabaka jembamba kuthibitisha aina. Tanzania na Kenya sehemu kubwa ni falciparum, lakini malariae na ovale zipo, na huchanganyika. Slaidi ikishaonyesha falciparum usiache kuangalia.

14. Hesabu. Hapa ndipo maswali mengi yalipo, kwa hiyo twende polepole.

Hesabu vimelea visivyo gametositi kwenye kaunta moja na seli nyeupe kwenye nyingine, katika nyanja zile zile. Ukifikisha seli nyeupe 200, tazama kaunta ya vimelea. Ikiwa ni 100 au zaidi, umalize uwanja uliomo na usimame. Ikiwa ni chini ya 100, endelea hadi seli nyeupe 500. Na ikiwa vimelea vimefika 500 kabla ya seli nyeupe kufika 200, umalize uwanja huo kwenye kaunta zote mbili, na usimame hapo.

Kisha kokotoa: vimelea mara 8,000, gawanya kwa seli nyeupe ulizohesabu. Hiyo 8,000 ni idadi ya seli nyeupe inayokadiriwa katika mikrolita moja ya damu. Kama mshiriki amepimwa damu kamili siku hiyo na itifaki inaruhusu, tumia idadi yake halisi.

Mifano. Vimelea 340 kwa seli nyeupe 200: 340 × 8,000 ÷ 200 = 13,600 kwa mikrolita. Slaidi nyingine, vimelea 60 tu kwa seli 200, ukaendelea, ukafika vimelea 145 kwa seli 500: 145 × 8,000 ÷ 500 = 2,320. Ya tatu imejaa, vimelea 520 kwa seli nyeupe 80: 520 × 8,000 ÷ 80 = 52,000. Uwanja mmoja ukiwa na vimelea 100 au zaidi, hesabu kwenye tabaka nene haiaminiki tena. Hamia tabaka jembamba uhesabu seli nyekundu zenye vimelea katika seli nyekundu 2,000 hivi.

Andika namba mbichi zote mbili, si jibu la kikokotoo pekee. Makosa ya kugawanya hugunduliwa kwa namba mbichi.

15. Mpe msomaji wa pili. Asione matokeo yako, asijue mshiriki yuko kundi gani la dawa, wala slaidi ni ya siku gani. Mkipishana kuhusu kuwepo kwa vimelea, au aina yake, au idadi ikazidi kikomo cha itifaki, mara nyingi asilimia 25, slaidi huenda kwa msomaji wa tatu. Wewe ukipata 13,600 na mwenzako 16,000, mko ndani ya kikomo, na wastani ni 14,800. Mkishapishana msikae mezani mkapatana namba. Kupishana kwenu nako ni taarifa.

16. Hifadhi. Ondoa mafuta kwa kugusisha karatasi laini bila kusugua, panga kwenye boksi la slaidi kwa mpangilio wa namba, weka vifuko vya kunyonya unyevu. Wakaguzi watazitaka baada ya miaka.

Makosa yanayoharibu utafiti mzima

Kuhesabu gametositi pamoja na vimelea vingine. Gametositi huweza kubaki kwenye damu siku nyingi baada ya dawa kufanya kazi yake. Ukizijumlisha, mshiriki aliyepona ataandikwa kuwa dawa imemshinda.

Kuisaidia namba. Katika maeneo yenye maambukizi makubwa, itifaki nyingi huandikisha watoto wenye vimelea 2,000 hadi 200,000 kwa mikrolita. Umepata 1,984, mtoto anaumwa, mama ametembea tangu alfajiri, na idadi ya washiriki wa wiki haijatimia. Shinikizo la kuongeza kimelea kimoja ni kubwa, nalijua. Andika 1,984. Mtoto huyo atapata dawa kama mgonjwa mwingine yeyote wa kituo, na hilo ndilo lililomleta.

Kuchelewesha jibu. Ukiona vimelea vingi sana, au vimelea vimerudi siku ya 14, daktari ajue saa hiyo hiyo. Mshiriki ni mgonjwa kwanza.

Kusahau karatasi ya kichujio. Vimelea vikirudi wiki ya tatu, slaidi haiwezi kusema kama ni vile vya zamani vilivyosalimika au ni mbu mpya ameuma. Hilo huamuliwa kwa kupima vinasaba kwenye matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi siku ya 0 na siku vilipoonekana tena. Chukua matone hayo kwa kutobolewa huko huko, yakauke kabisa, kila karatasi kwenye mfuko wake. Bila karatasi ya siku ya 0 huna cha kulinganisha.

Kazi ikigoma

*Tabaka nene linabanduka.* Halikukauka, au ni nene mno, au kioo kina mafuta, au umeosha kwa bomba la nguvu. Damu ya EDTA hushika kioo kwa shida zaidi, ipe muda mrefu wa kukauka.

*Uwanja wa nyuma ni wa buluu na seli nyekundu bado zinaonekana kwenye tabaka nene.* Limekazwa, kwa joto, kwa mvuke wa methanoli, au kwa kukaa muda mrefu. Haliponi. Tumia slaidi ya pili.

*Kila kitu ni waridi, viini vya seli nyeupe vimepauka.* Bafa ina asidi. Pima pH, tengeneza bafa mpya.

*Kila kitu ni buluu-kijivu, kromatini haionekani nyekundu.* Bafa imezidi kuwa ya alkali, au rangi imekaa muda mrefu mno. Pima pH kwanza, kisha ndipo uangalie muda wa rangi.

*Vitone vyeusi kila mahali, juu ya seli na nje ya seli.* Ni masimbi ya rangi. Zungusha kitufe cha kulenga: masimbi yako juu kidogo ya damu, yanaonekana wazi wakati seli zimefifia. Chuja Giemsa na uangalie namna unavyoosha.

*Nyuzi na vijiti vya buluu vyenye matawi.* Ukungu umeota, slaidi ilikaa na unyevu kabla ya rangi.

*Picha imefifia hata kwenye slaidi nzuri.* Mafuta yamekauka kwenye lenzi, au kondensa (lenzi ya chini inayokusanya mwanga) iko chini. Kwa lenzi ya mara 100 ipandishe juu kabisa. Kama umetumia lenzi ya mara 40 baada ya kuweka mafuta, hiyo nayo imeshachafuka. Ifute sasa hivi.

*mRDT ni chanya na slaidi yako ni hasi.* Uliza kama mgonjwa alimeza dawa wiki chache zilizopita. Kama hapana, soma nyanja zaidi na umpe msomaji wa pili bila kumwambia kwa nini.

*mRDT ni hasi na slaidi ina vimelea.* Hakikisha kwanza si chembe sahani. Angalia aina: malariae na ovale hazitengenezi HRP2. Ikiwa ni falciparum kweli, mjulishe mtafiti mkuu na uitunze karatasi ya kichujio ya mshiriki huyo, kwa sababu vipo vimelea vya falciparum vilivyopoteza jeni la HRP2, na hivi vimeonekana pia katika Pembe ya Afrika.